Sifuri moja ilininyima kazi Diani: Jifunze kuvunja namba

Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa Desemba, saa moja asubuhi. Nahodha alikuwa amesimama Shimoni, tangi la mashua limejaa mafuta, vijana wake wamepanga miwani ya kupigia mbizi. Watu 14 walitarajiwa kwenda Kisite-Mpunguti kuangalia pomboo. Walitokea watano, na wote watano walikuwa wazungu.

Simu yangu ikalia.

"Mwanangu, watu wako wako wapi?"

"Ami, wote nimewatumia ujumbe."

"Umewatumia nani? Mimi hapa nina watu watano na mafuta ya watu 14."

Mimi ndiye niliyekuwa nimetengeneza tovuti ya kubukia safari zile. Mgeni anajaza jina, tarehe na namba ya simu, kisha mfumo unamtumia ujumbe wa kuthibitisha na saa ya kuchukuliwa. Niliijaribu mara nyingi kabla ya kumpa mwenye biashara. Ilikuwa inafanya kazi poa kabisa.

Nilirudi kwenye laptopu pale Ukunda, jasho linanitoka, nikafungua hifadhidata. Wazungu walikuwa wameandika namba zao wakianza na alama ya kujumlisha na kodi ya nchi, kwa hivyo namba zilikuwa salama. Wakenya tisa waliotoka Nairobi walikuwa wameandika kama sisi sote tunavyoandika: 07 na kuendelea. Na zote tisa zilikuwa zimehifadhiwa bila ile sifuri ya mbele. Tarakimu kumi zimekuwa tisa. Ujumbe haukuwa na pa kwenda. Wale watu wakadhani hawajapata nafasi, wakatafuta mashua nyingine.

Mimi nilipofanya majaribio nilitumia namba yangu ikianza na 254, ndiyo maana sikuona kitu.

Salio la malipo yangu sikulipwa, na kusema kweli singemlaumu mwenye biashara. Yule nahodha ndiye aliyeniuma roho zaidi. Mafuta yalikuwa yake.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu nataka kusema kitu ambacho vijana wengi tunaojifunza kuprogramu huku Pwani Kusini hatupendi kukisikia. Lile zoezi dogo la mwanzo, la kuchukua namba, kuivunja tarakimu moja moja na kuipindua, wengi wetu tumelipita kwa njia ya mkato. Na ndani yake kulikuwa na somo ambalo lingeniokoa siku ile.

Zoezi lenyewe

Kama umewahi kugusa JavaScript, hata wiki moja, umekutana nalo. Upewe 1347, utoe 7431. Au upewe 1347, utoe 1, 3, 4 na 7 kila moja peke yake. Liko kwenye kila kozi ya bure ya mtandaoni, na ukiitwa usaili wa kazi ya kompyuta Mombasa au Nairobi, usishangae likikungoja mlangoni.

Nilipokuwa chuoni, kabla sijaacha (karo iliisha mwaka wa pili, hiyo ni hadithi ya siku nyingine), tulifundishwa jibu lake kwenye ubao. Sisemi jibu lilivyofikiwa. Nasema jibu. Mstari mmoja:

String(1347).split("").reverse().join("")

Geuza namba iwe maandishi, yakate herufi moja moja, pindua mpangilio, yaunganishe tena. Tukanakili, tukapata alama, tukaenda zetu. Ni mstari mtamu. Hata leo nautumia. Lakini ulinifundisha kwamba namba na maandishi ni kitu kimoja, unaruka kutoka hiki kwenda kile upendavyo. Hapo ndipo sumu ilipoingilia.

Njia ya pili ndefu kidogo. Hii nilikuja kuielewa baadaye sana, tena si darasani. Niliielewa ndani ya matatu ya Likoni kwenda Ukunda, nikimwangalia makanga akichenjia watu.

Fikiria una shilingi 1347, na sarafu za kumi tu ndizo unazoweza kutoa, kinachobaki unatoa kwa shilingi moja moja. Utapata sarafu 134 za kumi, na zitabaki shilingi 7. Ile 7 ndiyo tarakimu ya mwisho. Umeshaipata. Sasa chukua zile 134, zifunge kumi kumi tena: mafungu 13, zinabaki 4. Tena: fungu 1, yanabaki 3. Tena: hakuna fungu, inabaki 1. Umepata 7, 4, 3, 1. Namba imevunjika, na imejipindua yenyewe njiani bila wewe kuomba.

Kwa JavaScript ni hivi:

let n = 1347;
let pindu = 0;
while (n > 0) {
  pindu = pindu * 10 + n % 10;
  n = Math.floor(n / 10);
}

Ile alama ya % haina uhusiano na asilimia. Inauliza: ukigawa kwa kumi, kinabaki nini? Math.floor nayo inatupa kile kinachokuja baada ya nukta, ili 134.7 iwe 134. Na pindu inajengwa hivi: mara kumi, jumlisha tarakimu mpya. Inaanza 7, inakuwa 74, inakuwa 743, inakuwa 7431.

Hiyo ndiyo hesabu nzima. Mtoto wa darasa la tano anayeelewa kugawa na baki anaweza kuifanya kwa kalamu.

Sasa jaribu 1200

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu somo lote limejificha hapa.

Pindua 1200 kwa njia ya mkato. Unapata "0021". Pindua 1200 kwa njia ya kuchenjia. Unapata 21.

Gani ni sahihi?

Nimewauliza vijana wenzangu swali hili kibarazani, pale tunapokaa jioni kugawana bando. Nusu wanasema 0021, nusu wanasema 21, na wanaanza kubishana kama wanabishania Gor na AFC. Jibu ni kwamba zote mbili ni sahihi, na zote mbili zinaweza kukuharibia kazi, kutegemea ile 1200 ni nini.

Kama 1200 ni bei ya kilo mbili za samaki, ni kiasi. Kiasi hakina sifuri za mbele. Shilingi 0021 na shilingi 21 ni kitu kimoja. Lakini kama 1200 ni tarakimu za mwisho za simu ya mtu, si kiasi. Ni jina. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu badala ya herufi. Ukimwondolea mtu herufi ya kwanza ya jina lake, umemwita mtu mwingine, au hujamwita mtu yeyote.

Hebu jiulize: namba ya simu ya rafiki yako ukiijumlisha na ya kwako, unapata nini? Hakuna maana yoyote. Ukizidisha namba ya kitambulisho chako mara mbili? Upuuzi mtupu. Hicho ndicho kipimo changu siku hizi. Kabla sijaandika mstari wowote, najiuliza kama kitu hiki kinaweza kujumlishwa au kugawanywa kikabaki na maana. Kama ndiyo, ni namba, na kihifadhiwe kama namba. Kama hapana, ni maandishi yaliyovaa nguo za namba, na yahifadhiwe kama maandishi.

Simu za Kenya zinaanza na 07 au 01. Zote zina sifuri mbele. Maana yake ni kwamba programu yoyote inayohifadhi simu kama namba, kwa nchi hii, inakosea kwa kila mteja anayeandika kwa njia ya kawaida. Si bahati mbaya inayotokea mara moja moja. Ni kila mara. Na mafunzo mengi tunayosoma yametoka nchi ambako mwandishi wala hafikirii sifuri ya mbele. Hilo ni jukumu letu.

Tena JavaScript ina vituko vyake. Lugha hii iliundwa mwaka wa 1995 na Brendan Eich pale Netscape, kwa siku kumi hivi, na haraka ile inaonekana mpaka leo. Ukiandika 0712 bila alama za nukuu, kwa utaratibu wa zamani wa lugha hiyo, ile sifuri ya mbele inaiambia kompyuta kwamba unahesabu kwa nane badala ya kumi. Inakupa 458. Si 712, ni 458. Sasa hebu kampigie simu huyo.

Tokeni za stima nazo

Kama simu hazijakutisha, fikiria tokeni za stima. Kila anayekaa nyumba ya kupanga kutoka Kombani hadi Msambweni anazijua: tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita gizani huku tochi ya simu iko mdomoni.

Tuseme unatengeneza programu ndogo ya kuwawekea watu kumbukumbu ya tokeni zao. Ukizihifadhi kama namba za kawaida za JavaScript, umekwisha. Lugha hii inahesabu namba nzima kwa uhakika mpaka 9007199254740991, yaani tarakimu 16. Kupita hapo inaanza kukadiria. Andika 12345678901234567890 uone itakavyokurudishia: 12345678901234567000. Tarakimu tatu za mwisho zimeyeyuka, na hakuna onyo lolote lililotokea kwenye skrini.

Sasa ile njia yangu ya kuchenjia, niliyoisifu hapo juu, itavunja namba iliyokwisha kuharibika. Itakupa tarakimu 20 vizuri kabisa, ila si za tokeni uliyonunua. Hapa njia ya maandishi ndiyo mkombozi: iache ndani ya nukuu tangu mwanzo, ikate nne nne ili isomeke, basi.

Unaona? Sisemi njia moja ni ya wajanja na nyingine ni ya wavivu. Nasema lazima uzijue zote mbili, ili ujue lini utumie ipi. Anayejua mstari mmoja tu hana la kuchagua.

Na mkato wenyewe una mitego yake. Ukikata 1347 kwa njia ya maandishi, unapata "1", "3", "4", "7", na hizo ni herufi. Siku ya kwanza nilipojaribu kuzijumlisha nikianza na 0, nilitarajia 15. Kompyuta ikaniambia 01347. Ilizigandanisha kama shanga kwenye uzi, kwa sababu kwenye maandishi alama ya kujumlisha kazi yake ni kuunganisha. Pindua -45 kwa mkato, utapata "54-". Pindua -45 kwa lupu yangu, utapata 0, kwa sababu -45 si kubwa kuliko sifuri na lupu haianzi kabisa. Kila kosa kati ya haya linakufundisha kitu, mradi ulione ukiwa nyumbani na si Shimoni.

Wazee walitutangulia

Kuna jambo linanifurahisha kila nikilikumbuka. Sisi Waswahili tunasema arobaini na saba: kubwa kwanza, ndogo baadaye. Kiarabu, ambacho wengi wetu tulikikariri chuoni kwa maalimu, kinasema sab'a wa arba'un: saba na arobaini. Ndogo kwanza. Maneno tumeyachukua kwao, arobaini na saba yote ni yao, lakini mpangilio tulikataa tukabaki na wetu.

Na ukiangalia ile lupu, inavunja namba kwa mpangilio wa Kiarabu. Inashika saba kwanza, kisha arobaini. Inatoka kulia kwenda kushoto, kama mtoto aliyefungua juzuu.

Hata neno algorithimu, ambalo siku hizi kila mtu analitumia akilalamika kwamba video zake hazionekani, limetoka kwa mtu: al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9, aliyeandika kitabu cha kufundisha hesabu kwa tarakimu za Kihindi. Wazungu walipokitafsiri kwa Kilatini, jina lake likageuka kuwa jina la njia yenyewe. Kwa hivyo ukiambiwa kuprogramu ni mambo ya wazungu, mwambie huyo mtu akae chini mpige gumzo.

Faida iko wapi?

Najua kuna mtu anasema: sawa, lakini nani anapindua namba maishani? Swali zuri. Nina mifano miwili.

Kwanza, simu iliyo mkononi mwako. Bonyeza *#06#. Utaona IMEI, tarakimu 15. Tarakimu ya mwisho ni askari anayelinda zile 14. Njia yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, akapata hataza mwaka wa 1960, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye kadi za benki. Unaivunja namba tarakimu moja moja ukianzia kulia. Kila tarakimu ya pili unaizidisha mara mbili, ikipita 9 unaondoa 9. Jumlisha zote. Jumla isipogawanyika kwa kumi, kuna tarakimu imekosewa.

Tujaribu na fupi: 1826. Kutoka kulia: 6 inabaki 6. 2 inakuwa 4. 8 inabaki 8. 1 inakuwa 2. Jumla 20. Imepita. Sasa tuseme mtu kakosea, kaandika 1286. 6 inabaki 6. 8 inakuwa 16, ondoa 9, ni 7. 2 inabaki 2. 1 inakuwa 2. Jumla 17. Imekataa. Kosa la vidole limenaswa kabla pesa hazijaenda popote.

Angalia vizuri: hapa inabidi uivunje namba, na inabidi uanzie kulia. Lile zoezi la kitoto ndilo moyo wa kitu kinacholinda kadi za dunia nzima. Halithibitishi kwamba simu unayouziwa haikuibwa, usije ukanilaumu. Linathibitisha tu kwamba namba imeandikwa sawa. Lakini kijana anayejua hili anaweza kuweka ulinzi huo kwenye fomu ya fundi wa simu mtaani kwa mistari kumi tu.

Pili, shangazi yangu. Ana kibanda cha wakala wa M-Pesa upande wa Msambweni. Jioni moja hesabu zikakataa: daftari na pesa zinatofautiana kwa shilingi 270. Ameshahesabu mara tatu, anakaribia kulia. Nikamwambia, shangazi, hebu subiri. Nikagawa 270 kwa 9: inagawanyika, 30 kamili. Nikamwambia kuna mahali tarakimu mbili zimepishana, na kwa kuwa 270 ni 90 mara tatu, tafuta namba ambayo tarakimu ya mamia na ya makumi zinatofautiana kwa tatu. Haikuchukua dakika tano. Mteja alitoa 630, yeye kaandika 360.

Akaniuliza kama nimeanza uganga. Si uganga. Tarakimu ikikaa kwenye mamia ina thamani ya mia, ikihamia kwenye makumi ina thamani ya kumi. Kila hatua ya kupishana inagharimu 90. Chukua namba yoyote, ipindue, toa ndogo kwenye kubwa, jibu litagawanyika kwa 9 daima. 91 na 19: tofauti 72. 7431 na 1347: tofauti 6084, gawa kwa 9 ni 676. Wahasibu wa zamani waliijua siri hii kabla ya kompyuta kufika. Mimi niliigundua nikicheza na ile lupu usiku, na imeniletea heshima kwa shangazi kuliko cheti chochote ambacho ningepata.

Kwa walimu, mabosi na nyinyi wenzangu

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na sitayapaka sukari.

Walimu wa kompyuta, acheni kutoa jibu la mstari mmoja kisha mkaendelea na somo. Mpe mwanafunzi 1347 na kalamu. Mpe 1200. Mpe -45. Mwache agombane nazo. Mwaka wa 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kuprogramu kwa shule za Kenya, na nilifurahi. Lakini mtaala kwenye karatasi hautasaidia kama darasani bado tunakariri. Na hakuna haja ya kungoja maabara ya kompyuta: zoezi hili linafanyika kwa sarafu kwenye meza, hata chini ya mwembe.

Mabosi mnaofanya usaili, na nyinyi nina neno nanyi. Nimeketi mbele ya watu wanaokuuliza upindue namba huku wanaangalia saa, na ukiandika ule mstari mmoja wanakuambia hapana, bila kutumia maandishi, kama vile wamekukamata ukiiba. Kama unataka kujua akili ya kijana, usimtegee. Muulize: namba hii ni ya nini? Mngeniuliza hivyo, ningewaambia habari ya Shimoni, na mngejua zaidi kuhusu mimi kuliko lupu kumi.

Na nyinyi wenzangu. Najua hoja yenu, kwa sababu nimeisikia mara mia: siku hizi AI inaandika yote hayo, wewe unahangaika na baki na sifuri za nini? Ni kweli inaandika. Mimi mwenyewe naitumia, sitajifanya mtakatifu. Ukiiomba ipindue namba, itakupa jibu safi chini ya sekunde mbili. Lakini haijui kwamba mteja wako ni wa Ukunda na wageni wake wanaandika simu zikianza na 07, mpaka uiambie. Na huwezi kuiambia jambo ambalo wewe mwenyewe hujawahi kulifikiria. Mashine inajibu swali uliloliuliza. Kazi ya kujua swali bado ni yako, na ndiyo inayolipwa.

Tena sisi wa huku hatuna nafasi ya kuchezea. Uchimbaji wa madini wa Base Titanium ulifungwa Desemba 2024. Hoteli zinaajiri msimu ukiwa juu, ukishuka unarudi nyumbani. Kwa kijana wa Kwale asiye na mtaji wala godfatha, laptopu ya mtumba na bando ni mlango wa kweli. Lakini mlango huo unafunguliwa na kuaminika. Mwenye kotiji, mwenye mashua, mwenye duka la simu, akishaumizwa na kijana mmoja aliyenakili asichokielewa, hatamwita kijana mwingine wa hapa. Atampigia mtu wa Nairobi. Niliposababisha hasara ile, sikujiharibia peke yangu. Niliwaharibia na nyinyi, na ninaomba radhi.

Kwa hivyo usiku wa leo, kabla hujafungua video nyingine ya kuahidiwa kazi ya dola kwa wiki tatu, chukua karatasi. Andika namba yoyote ya tarakimu nne. Ichenjie kwa kumi kumi mpaka iishe. Ipindue. Kisha jaribu na namba inayoishia na sifuri, ujiulize ile sifuri imekwenda wapi, na kama kuna mtu angeihitaji.

Mimi nilijiuliza swali hilo nikiwa nimechelewa. Baada ya miezi mitatu nilirudi Shimoni kumwona nahodha. Nilikuwa nimeirekebisha fomu bure: simu zinahifadhiwa kama maandishi, na kabla ya kutuma mfumo unabadilisha 07 kuwa 2547, na 01 kuwa 2541. Mwenye biashara alikubali kuijaribu tena. Nahodha aliniangalia kitambo, akatoa simu yake ya kubonyeza mfukoni.

"Haya, mwanangu. Andika yangu nione."

Nikaandika. Simu ikalia mkononi mwake. Akasoma ule ujumbe mpaka mwisho, akarudisha simu mfukoni, akanisogezea kiti.